Vitako vya Bunduki Kwenye Kamba ya Nguo

Nilikuwa fundi wa bunduki, na sikumwomba mtu ruhusa wala msamaha. Ruhusa ilitolewa na serikali, ikatundikwa ukutani katika duka la tajiri wangu mjini. Msamaha ni wa aliyekosa, na mimi nilikosa nini? Watoto wangu walikula na kusoma kwa kazi ya mikono hii, sawa na watoto wa yule mama aliyekaanga samaki pale langoni mwa mtaa wetu.

Useremala nilifundishwa na baba. Alikuwa fundi wa mbao wa reli, tukikaa Muthurwa katika nyumba za wafanyakazi, na kwa kuwa Mungu alimpa mabinti tu, patasi iliniangukia mimi. Ndugu zake kule magharibi walimcheka mpaka wakachoka. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la bunduki, nikamwambia naweza kuchonga kitako, ile sehemu ya mbao ambayo mpigaji huiegemeza begani. Alilitazama gauni langu, akaitazama mikono yangu, akanipa kipande cha mti. Jioni alikuwa ananiita fundi.

Wateja wetu walikuwa wakulima wa ngano waliofukuza ndege mashambani, na wazee wenye nafasi waliolenga sahani za udongo zilizorushwa hewani siku ya Jumapili. Mzee alikuwa na sheria moja iliyopita zote: bunduki haielekezwi kwa mtu. Iwe tupu, iwe mbovu, iwe kipande chake tu. Siku moja niligeuka na kitako mkononi, mbao tupu isiyo na hata msumari, nacho kikamwelekea kifuani. Alinipiga kofi mkononi, kikaanguka sakafuni. "Mkono haujui tofauti," akasema. "Ukiuzoesha kucheza na mbao, kesho utacheza na chuma." Nilikasirika siku nzima, lakini sikurudia tena.

Bunduki zenyewe sikuzitoa dukani hata siku moja. Vitako ndivyo nilivyovileta nyumbani kwangu Makadara, kuvipiga msasa na kuvipaka mafuta ya kitani kwa kiganja. Unapaka, unaanika, unapaka tena, mpaka mbao ikatae kunywa. Nilivifunga waya nikavining'iniza kwenye kamba ya nguo nje, kamba niliyotumia pamoja na jirani yangu, mama mmoja kutoka Murang'a aliyeuza mitumba sokoni Gikomba. Miaka miwili hakuna aliyesema neno.

Kisha wizi ukaingia mtaani. Watu wakavunjiwa milango, na mwalimu mmoja wa mtaa wa Buruburu, aliyekuwa na marafiki wengi kwetu, akapigwa risasi mlangoni pake. Baada ya mazishi nikaanza kuona salamu zinapungua. Jirani yangu akaanza kuanika nguo zake dirishani, zikawa hazikauki. Nilijua kinachosemwa: kwamba bunduki za wezi zinatoka kwangu, na kwamba ninazianika hadharani kwa ujeuri.

Mume wangu aliniambia nivifiche. Nikamkatalia. Nikifanya kazi yangu halali kwa kujificha, nitakuwa nimewapa ushahidi wanaoutafuta.

Walikuja Jumamosi mchana, mume wangu akiwa zamu kiwandani huko Industrial Area. Niliwasikia kabla sijawaona. Nilipofungua mlango, uwanja ulikuwa umejaa. Mbele alisimama mwenyekiti wa kamati ya mtaa, karani mstaafu, na nyuma yake vijana, mmoja amebeba tairi begani. Tairi lile sikuhitaji kuelezwa ni la nini: ndilo huvishwa mwizi shingoni kabla ya kuchomwa moto. Niliogopa, nisiseme uongo. Watoto walikuwa ndani.

"Mathe, tunajua hizo bunde ni za mangati wanaotuibia," kijana wa tairi akapiga kelele. "Leo utatuambia!"

"Mama," mwenyekiti akasema, "ama uache kazi hii, ama uhame leo hii. Wakikasirika hawa, mimi siwawezi."

"Sihami," nikasema. "Na kazi siachi."

Nilitembea katikati yao mpaka kwenye kamba. Nikakitoa kitako kimoja, nikamwekea mwenyekiti mikononi. "Haya mzee, nionyeshe risasi inapitia wapi. Tafuta tundu. Tafuta chuma."

Alikipindua, akakinusa, akagonga kwa kucha. Mtu wa nyuma akauliza ni nini. "Ni mbao," mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Vijana wakasogea, wakavichukua vingine kwenye kamba, wakavipima uzito. Kisha mmoja akacheka, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

Hapo ndipo walipofanya lile ambalo sijalisahau. Kijana wa tairi alilitupa chini, akaweka kitako begani, akamlenga mwenzake. "Tu! Tu!" Mwenzake akashika kifua, akajitupa chini. Mwingine akamlenga mama wa samaki. Mwenyekiti mwenyewe, mzee wa kanisa, alikiinua kile chake, akafunga jicho moja, akanielekezea mimi.

Nilimpiga kofi mkononi. Kitako kikaanguka vumbini.

"Si ni mbao tu, mama?" akasema, amejishika mkono.

"Kitako ni mbao. Mkono wako si mbao. Dakika kumi zilizopita mlitaka kunichoma kwa sababu ya bunduki, na sasa mnalengana mkicheka! Nani hapa anapenda bunduki, mimi au nyinyi?" Sikuwa na hofu tena. "Rudisheni. Mmoja mmoja. Na asiniletee mtu kitako kikinitazama."

Walirudisha, kila mmoja akiielekeza ncha ya mbele chini. Mwenyekiti aliniomba basi angalau niwe naanika ndani, kwa ajili ya amani. Nikamwambia kesho nitaanika hapa hapa, na kesho kutwa pia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilivifuta vumbi, nikavipaka mafuta, nikavining'iniza kwenye kamba watu wakitoka kanisani. Walipita wakitazama. Mimi nilisimama pale pale, mikono imelowa mafuta, nikimtazama kila aliyenitazama.

Mwishowe jirani yangu akatoka na beseni la sare za shule. Akavisukuma vitako kando kidogo kwa kiwiko, akajipatia nafasi.

"Hayo mafuta yako hayatachafua shati za watoto?" akauliza.

"Yatachafua," nikamwambia.

Akaanika hivyo hivyo.