Utani Uliomuua Athumani

Alhamisi ilikuwa siku ya khidma shuleni kwetu Bagamoyo. Wanafunzi waliacha madaftari, wakashika majembe na ndoo, tukaenda kusafisha visima vya watu. Mimi, mwalimu wao, nilikuwa na kiburi cha ujana. Nilijiona najua dawa ya kila ugomvi.

Siku moja wanafunzi wawili wa Kikwere walishikana mashati kisimani kwa ajili ya ndoo. Sikumchapa mtu. Nilimwita mchukuzi mmoja Mnyamwezi aliyekuwa akipita, maana Wakwere na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Akawatazama, akasema, "Loo! Wakwere nao wanagombea ndoo! Kwani mnaoga?" Wakacheka wote, ugomvi ukaishia hapo.

"Mmeona?" nikawaambia. "Mkishindwa kupatana, tafuteni mtani."

Aliyelishika somo hilo kuliko wote ni Athumani, Mkwere wa Miono, mtoto pekee wa mama yake.

Vita vikaja. Tukaandikwa jeshi pamoja, tukapelekwa Burma. Kikosini Wanyamwezi walikuwa wengi, na mdomo wa Athumani ulizima magomvi mengi ya kambini. Nilimwonea fahari, wallahi, kama vile kila mzaha wake nimeutunga mimi.

Asubuhi moja kombora liliua askari mmoja. Tulimzika matopeni. Kaka yake akakaa kando ya kaburi, bunduki mapajani, hataki kula wala kuondoka, anamtukana kila anayemsogelea. Siku zote alikula sahani moja na Wanyamwezi na lugha yao aliijua kidogo, basi Athumani akamdhania ni mmoja wao.

Mimi nilijua si Mnyamwezi. Nilikuwa nimewahi kumwandikia barua ya kwenda kwao, Nyasa.

"Huyu niachie mimi, mwalimu," Athumani akaniambia.

Ningeweza kumshika mkono. Sikumshika. Nilitaka kuona somo langu likifanya kazi.

Akaenda, akachuchumaa mbele ya yule mtu.

"Afadhali kafa," akasema kwa sauti. "Alikuwa mlafi. Leo tutashiba."

Kwetu mtani husema hivyo matangani, na wafiwa hucheka huku wanalia.

Yule mtu hakucheka.

Risasi ilikuwa moja.

Kisha akaitupa bunduki, akatugeukia. "Nilimkosea nini mimi?" akauliza. Sikumchukia yule bwana hata kidogo. Nilijichukia mwenyewe.

Vita vilipokwisha nilikwenda Miono. Mama yake Athumani alinikaribisha barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kauawa na Mjapani?"

"Na mwenzetu, mama. Alimtania mtu asiye mtani wake."

"Hakujua?"

"Hakujua."

"Na wewe je?"

"Mimi nilijua."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Miono hata mgeni asiyependwa hupewa maji ya kunywa. Nilikaa pale mpaka alasiri, sikuletewa, nami nikaona ni haki yangu. Nikaondoka kwa miguu.

Bado nafundisha. Visima tunasafisha, na ugomvi tunasuluhisha bila fimbo. Ila sasa nawaambia wanafunzi: kabla hujamtania mtu, muulize kwanza kwao ni wapi. Kuuliza hakuchukui hata dakika moja. Dakika hiyo mimi nilikuwa nayo.