Nilivyopandisha Bahari ya Tanga Mpaka Kirua Vunjo

Chekeni tu, msijizuie, maana hata mke wangu, ambaye kisa hiki amekisikia mara nyingi kuliko ibada za Jumapili, nikianza kukisimulia huwa anatoka nje kwenda kucheka nyuma ya banda la ng'ombe. Mimi ndiye niliyewafanya watu wazima wa kijiji chetu, watu na heshima zao, wahamishe mbuzi na kuku na vitanda kwa kuogopa mafuriko, na maji yenyewe yaliyokuwa yakijaa siku hiyo yalikuwa ya bahari, na bahari yenyewe iko Tanga. Nimeshasema. Sasa nieleze ilivyokuwa, maana sikuamka asubuhi nikaamua kuwa mjinga, niliteleza kidogo kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya elimu ya watu wazima, wakati kila mtu anasoma, mama ana mtoto mgongoni na chaki mkononi, na kijiji chetu kikaamua kiwe na maktaba katika chumba cha nyuma cha ghala la kahawa. Nikachaguliwa mimi kuitunza, kwa sababu nilikuwa nimefika darasa la nane na nilikuwa na shati jeupe. Cheo hicho nilikipokea kwa mikono miwili, si kwa kupenda vitabu (nisiwadanganye, nimeshadanganya vya kutosha), bali kwa sababu nilikuwa namtaka Ndeshi.

Ndeshi alikuwa binti wa Mzee Aminieli, na Mzee Aminieli alikuwa mkuu wa mfongo. Kwa wasiojua kwetu, mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka msituni mpaka vihambani kwenye migomba na kahawa, na kila nyumba ina zamu yake, na anayegawa zamu hizo anaogopwa kuliko katibu tarafa. Nilikuwa nimeshapeleka mbege ya kwanza ya posa, ile pombe yetu ya ndizi. Mzee akainywa, akafuta mdomo, akasema, "Tutaona." Nikakaa na hiyo "tutaona" msimu mzima, imenikaa kifuani kama kiazi kisichomezeka.

Basi tukaahidiwa kasha la vitabu vya kilimo bora na ufugaji. Nikashuka Moshi kulichukua stesheni, nikalipandisha kwa lori mpaka barabara ilipoishia, na kutoka pale vijana wakalibeba mabegani huku wanaimba, akina mama wanapiga vigelegele. Likafunguliwa kwa panga mbele ya kijiji kizima. Ndani mkawa na vitabu vizito vya buluu, Kiingereza kitupu, na kwenye jalada picha ya nanga.

Nikasoma majina. Kimoja kilikuwa cha saa za kujaa na kupwa kwa maji katika bandari za Afrika Mashariki. Kingine kilitaja taa zote za pwani, ipi inamulika mara ngapi kabla ya kuzima. Kingine cha kuwaelekeza manahodha miamba ilipo na mikondo inakokwenda, kingine cha jua, mwezi na nyota za kupimia mahali meli ilipo, na chini kabisa lundo la matangazo ya kusahihisha ramani za bahari. Yaani kila kitabu ambacho nahodha hathubutu kung'oa nanga bila kuwa nacho kilikuwa pale, na juu ya ng'ombe hakikuwepo hata kimoja. Makasha yalikuwa yamebadilishana njiani, na bila shaka siku hiyo hiyo kuna nahodha mahali fulani alikuwa amesimama kwenye usukani anasoma habari za minyoo ya ndama.

"Kijana," akaniuliza Mzee Aminieli, "hivi vitabu ni vya nini?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema, "Baba, vimekosewa, tuvirudishe," yakaisha. Lakini vijana walikuwa bado wanahema kwa kubeba, na Ndeshi alikuwa amesimama kando ya mama yake katika gauni la njano ananitazama mimi tu, nikaona haiwezekani siku yangu ya kwanza ya utukufu nianze na "vimekosewa".

"Ni vya maji, baba," nikasema.

Si uongo, au siyo? Maji ni maji.

Haikupita wiki Mzee akaja maktaba ameongozana na majirani wawili, mmoja amefungwa kitambaa kichwani. Kilikuwa kiangazi, mfongo umepungua, watu wanaibiana zamu, na yule wa kitambaa alikuwa amepigwa mpini wa jembe. Mzee akasema, "Si ulisema kuna vitabu vya maji? Tuamulie." Nikashika kile cha kujaa na kupwa, nikakifungua ili nionekane natafuta, nikitumaini watachoka. Mzee, ambaye Kiingereza hakukijua ila tarakimu alizijua vizuri sana, akaweka kidole. "Hii ni tarehe. Hii ni saa. Sasa unatafuta nini tena? Soma."

Nikasoma, ningefanyaje? Maji yakijaa, nikasema, ni zamu ya vihamba vya juu, yakipwa ni ya vya chini.

Na jamani, ikafanya kazi! Hilo ndilo lililonimaliza. Kwa kuwa saa za bahari husogea kila siku, zamu nazo zikawa zinasogea, aliyeamka alfajiri leo wiki ijayo anamwagilia mchana, hakuna aliyeng'ang'aniwa na saa mbaya peke yake, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu kitabu hakina shemeji wala binamu. Mipini ya majembe ikarudi kulima. Nikaitwa nyumbani kwa Mzee kula kiburu cha ndizi na maharage, Ndeshi akaninawisha mikono, na ile "tutaona" ikageuka kuwa "Jumapili ijayo nitakaa na wazee wa ukoo." (Mwalimu mkuu, aliyejua Kiingereza, nilimwambia vitabu bado vinahesabiwa, na nikimwona kwa mbali nakatisha migombani.)

Halafu siku moja Mzee akaniuliza, "Na hii namba ya pembeni?"

"Futi, baba. Kina cha maji."

"Imeandikwa kumi na moja. Mfongo wetu haufiki gotini."

"Ni huko kwenye chanzo, msituni," nikasema, na nawaapia mdomo ulijisemea wenyewe. "Yakishuka yanapungua."

Nikadhani yameisha. Kumbe aliomba kuazima kitabu akakaa nacho nyumbani anafuatilia zile futi siku kwa siku, na katikati ya wiki akaja amekunja uso. "Ijumaa," akasema, "maji ni makubwa kuliko siku zote za mwaka. Futi kumi na mbili na zaidi. Saa kumi jioni. Huko juu yakizidi kiasi hicho, kingo zetu hazitashika."

Nikamwambia kitabu nacho huenda kikakosea.

"Hakijakosea zamu hata moja," akasema, "kikosee Ijumaa? Au hukiamini kitabu chako?"

Ijumaa hiyo hiyo afisa elimu wa wilaya alikuwa anakuja kufungua maktaba rasmi. Na Jumapili inayofuata ndiyo ya wazee wa ukoo. Nikapiga hesabu ya woga, nikaona nikikaa kimya maji hayatakuja, watu watashukuru Mungu, na mimi nitapewa mke. Nikakaa kimya.

Ijumaa asubuhi baragumu likalia. Watu wakamiminika mfongoni na majembe, wakakata migomba iliyokwisha kuzaa wakaipanga kwenye kingo, wakasomba mawe. Mbuzi wakapandishwa uwanja wa kanisa, vitanda vikatolewa vibanda vya chini. Bibi mmoja akakataa kabisa kuhama, akakaa kwenye kigoda mlangoni pake amefungua mwavuli, na anga ilikuwa safi, Kibo unauona mpaka mikunjo.

Afisa akafika kwa Landrova saa tisa na kitu, akanikuta mimi peke yangu na shati jeupe na utepe wa kukata.

"Wananchi wako wapi?"

"Wako mfongoni, mheshimiwa. Kazi za maendeleo."

"Safi sana! Huko ndiko kujitegemea. Twende tukawasalimu."

Nikasema njia ni mbaya. Akasema yeye si wa kubebwa. Nikasema kuna siafu. Akawa ameshatangulia.

Tukawakuta wamepanga mstari juu ya ukingo, majembe mkononi, wote wametazama mlimani, na Mzee Aminieli mbele yao amekumbatia kitabu alichokifunga kwa nailoni kisilowe. Mfongoni maji yalikuwa yakitambaa kama mtu aliyetoka hospitali.

"Shikamoo, mzee," akasema afisa.

"Marahaba, bwana. Panda huku juu haraka, hapo uliposimama ndipo yatakapopita."

Afisa akaruka kwanza, ndipo akauliza, "Yatapita nini?"

"Maji. Futi kumi na mbili. Bado kidogo tu." Na Mzee, kwa fahari (hii fahari ndiyo inayoniuma mpaka leo), akafungua nailoni akampa kitabu. "Kijana wetu huyu ndiye anayekisoma."

Sasa bahati yangu ilivyo: katika wilaya nzima, afisa huyo alikuwa mzaliwa wa Tanga, na baba yake alikuwa rubani wa kuingiza meli bandarini. Akafunua ukurasa mmoja. Akafunua wa pili. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Mzee wangu," akasema, "hiki ni kitabu cha bahari. Leo ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Saa kumi hii watoto wa Tanga wanapiga mbizi gatini." Akashindwa kuendelea. Akakaa chini na suti yake, anacheka huku analia, kofia ikamwanguka mfongoni, na maji yalikuwa machache kiasi kwamba hata kofia hayakuweza kuibeba.

Kila uso ukanigeukia mimi. Ndeshi alikuwa na kuku kila kwapa.

"Kijana," akasema Mzee, "ulijua?"

"Nilijua, baba."

Laiti angenipiga. Hakunipiga wala hakufoka, alikichukua kile kitabu kwa afisa, akakifunga tena kwenye nailoni taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mgeni. Nilitamani ardhi ipasuke. Yule bibi wa mwavuli ndiye aliyeanza kucheka, kutoka mlangoni kwake kule chini, na kicheko kikapanda mlima nyumba kwa nyumba.

"Kuku wote hawa," akasema Ndeshi, "kwa ajili ya Tanga?" Akaondoka.

Wazee wa ukoo hawakukaa Jumapili hiyo. Mimi nikatozwa kama anavyotozwa mwizi wa maji, mbuzi na mbege, na kuuchimbua mfongo peke yangu mpaka kwenye chanzo, na kila mama aliyepita na kuni aliniuliza kama meli imeshatia nanga. Vitabu afisa aliondoka navyo. Zamu waliendelea kuzisogeza kila siku vile vile, lakini hakuna aliyenishukuru.

Nilipomaliza kazi nikaenda kwa Mzee kuomba radhi. Akaniacha nimesimama uani muda mrefu. "Kila anayekuja kwangu kuhusu maji anajua," akasema. "Wewe ukaja ukajua kuliko wote. Nenda. Siku utakayoweza kusema hujui, rudi." Nilirudi mara nyingi, nakiri sijui hiki, sijui kile, mpaka mama yake Ndeshi akachoka akanitetea.

Tukaoana msimu uliofuata. Tumeshatoka kanisani, nyama imeshawekwa mezani, Mzee akasimama mbele ya koo zote mbili, akanyamazisha tarumbeta.

"Bwana harusi, kabla hujala kwangu. Leo, kule Tanga, maji yanajaa saa ngapi?"

Ndeshi akanifinya mkono.

"Sijui, baba."

"Hawajasikia huko nyuma."

"Sijui, baba!"

"Mpeni mke wake," akasema, na watu wakalipuka kwa shangwe. Mungu anisamehe, mwezi ulikuwa mpevu na nilishakariri kwamba mwezi ukiwa mpevu kule hujaa kwenye saa kumi, lakini niliapa pale pale kwamba kujua tena mbele za watu basi, na mpaka leo hata mtu akiniuliza njia ya kwangu nyumbani, nafikiria kwanza.