Namba za Mizani ya Korosho

Juzi niliipiga video mizani ya dukani kwangu. Namba zake nyekundu, ambazo kwa macho hung'aa zote pamoja, kwenye simu zilikuwa zikipokezana kuwaka.

Nikalikumbuka ghala la utotoni kijijini Chilangala, lililonuka magunia na moshi. Nilikuwa natafuna korosho ngumu, na kila nilipouma, kichwa kikitikisika, namba nyekundu za mizani ziliruka. Nilidhani zinayaogopa magunia.

"Mama, namba zinaruka!"

Watu wakageuka. Shangazi akasema, "Mama Fadhili, mwanao ana macho ya wachawi."

Jioni hiyohiyo mama alinishika kichwa, shangazi akanikamulia majani machungu machoni. Jicho la kushoto halikuona tena.

Simu imeona nilichokiona mimi. Yenyewe hakuna aliyeikamulia kitu.