Gari Tupu Linadanganya

Krrrr. Mpira wa tairi ukisugua bati la madigadi. Mwanangu, miaka imepita na sauti ile bado naisikia kana kwamba gari limesimama hapo mlangoni. Nakumbuka ilikuwa Ijumaa, mtaani Doornfontein, katika gereji ya Papa Kasongo, mzee wa Lubumbashi aliyenipokea nijifunze ufundi wakati jamaa zangu wote walitaka nisuke nywele.

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini ndoto zilijaa debe. Kila gari la zamani lililosimama kwenye roboti, ndivyo huku kusini tunavyoita taa za barabarani, nilijiona niko chini yake. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame; niliinama mpaka ovaroli ikasahau rangi yake.

Siku hiyo tulikuwa na gari la Themba, kijana aliyezaliwa Morogoro kwa mama Mtanzania, wakati baba yake akiishi uhamishoni. Gari la zamani, jekundu kama pilipili, injini kubwa ikichungulia juu ya boneti. Kesho yake lingembeba bibi harusi wake, naye alitaka nyuma lishuke, likae kama paka anayevizia. Papa akanipa mimi kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Likitoka salama, atanibakiza. La sivyo, nirudi saluni kwa shangazi.

Nikaliweka juu ya stendi, nikachomeka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, vikiwa vinene ndipo gari hushuka zaidi, nikafunga. Tulipoliteremsha, loo, juu ya tairi vilipenya vidole viwili tu. Themba akapiga mluzi, akataka aondoke nalo.

Papa akamzuia. Alikuwa na desturi yake: gari lililoshushwa halitoki mpaka lizungushwe likiwa limejaa watu. Akagonga ukuta wa saluni ya jirani, akaja shangazi yangu na wenzake watatu, mmoja nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Nikaona aibu. Nikamnong'oneza Papa kwamba gari la harusi si basi.

"Mutoto yangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, "motokari tupu inadanganyaka. Ingiza bantu kwanza, njo itasema kweli."

Wakajibana watatu nyuma, shangazi mbele, wakimwambia dereva awashushe Durban. Papa akaendesha taratibu, mimi natembea kando. Kwenye tuta la kwanza, krrrr.

Themba akasema si kitu, harusi ni siku moja, na bibi harusi mwenyewe mwembamba.

"Na mama mkwe je?" shangazi akauliza dirishani. "Utamwacha kwenye roboti?"

Tukacheka wote isipokuwa Themba. Akanigeukia mimi. "Eish, sista, niachie hivi hivi. Hutaki, nalipeleka kwa fundi mwingine."

Nikamtazama Papa. Papa akatazama viatu vyake. Nikajua jibu ni langu, na kwamba gari likiondoka, nami nimeondoka.

"Halitoki hivi, kaka," nikasema. "Hapo nyuma atakaa mtu unayempenda."

Themba akavua koti, akanishikia taa wakati nabadilisha vile vyuma kwa vyembamba zaidi. Likapanda kidogo, sasa likawa paka aliyeshiba. Wale akina mama wakapanda tena, tuta likapita kimya. Papa hakunisifu. Alinionyesha tu msumari ukutani, nitundike ovaroli yangu.

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huwezi kuujua kabla hujaubeba. Ukipanga nyumba, biashara au ndoa, usiipime ikiwa tupu. Waingize watu wake kwanza, mama mkwe, watoto, wageni wasiopiga hodi, uone inakaa wapi. Wala usione haya kuwaita majirani wakujaribie; kuchekwa gereji ni nafuu kuliko kukwama barabarani. Uzuri utafute, sikukatazi, hata mimi napenda gari lililoinama. Ila uuachie nafasi ya kupumua. Mungu akujaalie watu wa kujaza viti vyako, na springi za kuwabeba.

Asubuhi ya harusi nilifika gereji kabla ya wote. Nikatandika gazeti kwenye kiti cha nyuma cha lile gari, lililolala kwetu, nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa kidogo pale atakapokaa bibi harusi. Kisha nikateremka, nikalikunja gazeti, nikafuta alama ya vidole vyangu kwenye kitasa.