Nilivyohangaika na "the" Gisenyi

Miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Gisenyi. Mimi, binti yake mkubwa, nilikaa kando yake dukani nikipiga pindo na kushona vifungo. Ingawa tulikuwa Waislamu, masista wa misheni walikuwa wamenifundisha Kifaransa kidogo. Kiingereza nilikisikia tu kwa madereva waliotoka Uganda, nikakitamani kama mtu anavyotamani chakula anachokinusa kwa jirani.

Kiangazi kimoja, Mwingereza na mkewe waliokuja kupumzika ziwani waliharibikiwa na gari. Spea ikabidi iagizwe Kampala. Bwana akawa anashinda gereji. Mkewe, tuliyemwita Madamu, alileta kitambaa cha gauni, na kuanzia hapo akazoea kukaa dukani kwetu. Aliwahi kuishi Kenya, akajua Kiswahili kile cha kuagiza wapishi. Nilimwomba anifundishe Kiingereza huku nashona, akakubali papo hapo. Nadhani hoteli ilikuwa imemchosha.

Nilidhani nitafika haraka. Kiswahili chetu hakina vile vijineno vya kutanguliza mbele ya majina, lakini Kifaransa kinavyo, na mimi nilishavimeza. Nikaamua kwamba "le" ni "the", "un" ni "a", kazi imekwisha. Kesho yake nikamwambia kwa fahari, "I like the fish," nikimaanisha tu kwamba napenda samaki, kama Mfaransa anavyosema.

Madamu alichungulia chini ya meza, kisha akatazama mlangoni.

"Samaki gani? Mimi hapana ona samaki."

"Samaki wote, Madamu. Samaki tu."

"Ah! Basi toa 'the'. Ukiweka, mimi natafuta samaki yako iko wapi."

"Kwa nini?"

Hakujua. Alikuwa akisema hivyo tangu utoto bila kujiuliza. Basi tukaanza kutafuta pamoja. Yeye anatamka sentensi, anajisikiliza mwenyewe, anakunja uso. Mimi nauliza tena, sindano ikiwa imesimama hewani. Mwishowe tukakubaliana kwamba "the" ni ya kitu kinachojulikana. Nikashika hapo kwa mikono miwili.

Mchana mmoja Madamu alitaka kuona chemchemi za maji ya moto kule Nyamyumba. Mvuvi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akienda huko na mkewe, akampakia mtumbwini. Kabla hawajarudi, bwana akaingia dukani, mikono imejaa grisi, akaniuliza mkewe yuko wapi. Hii ndiyo nafasi yangu, nikajiambia. Yule mvuvi nilimjua tangu naota meno. Kama kuna mtu anayejulikana, ni yeye.

"She went with the man," nikasema.

"What man?" Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"The man!" nikakazia. "The man of the boat!"

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Baba akaondoa mguu kwenye cherehani.

"We, umemuambia huyu muzungu nini?"

"Nimemuambia Madamu ameenda na muvuvi."

"Bon. Sasa anakasirikia nini?"

Bwana aliteremka ufukweni, akasimama pale mpaka mtumbwi ulipotokea. Ndani alimwona mvuvi mwenye mvi anapiga kasia, mke wa mvuvi, na Madamu mwenye sketi iliyolowa, amempakata mjukuu wa mvuvi. Waliporudi dukani Madamu alikuwa anacheka hadi machozi. Bwana alikuwa anajaribu.

"Sikia," Madamu akaniambia. "Wewe unajua huyu mtu. Bwana yangu hapana jua. Yeye anafikiri iko mtu fulani, watu yote wanajua, yeye peke yake hajaambiwa. 'The' si ya kujua wewe. Ni ya kujua yule anasikiliza."

Niliweka sindano chini. Katika lugha zangu nilikuwa nikitazama ninachotaka kusema, basi. Hii ilinitaka kwanza niingie kichwani mwa mwenzangu, nione kuna nini humo. Siku zilizofuata nilimkodolea macho kila aliyekuja dukani. Huyu mama aliyetoka Kanama, mwenye kikapu cha maharage, anajua nini ninachokijua mimi? Mteja mmoja aliniuliza kama usoni kwake kuna uchafu.

Spea ilipofika, Madamu alikuja kuchukua gauni na kuaga. Baba alikuwa amemwekea swali lake.

"Muulize. Jua la mbinguni wanalipatia hiyo 'the', sababu iko moja tu. Mungu naye iko moja. Mbona yeye hawamupatie?"

Nikamtafsiria. Madamu akatamka "the sun", kisha "God", taratibu, moja baada ya jingine. Kisha akasema atakaporudi kwao atamuuliza padri wao. Akanishika mkono, akamshika baba mkono, gari likashika njia ya Ruhengeri.

Jioni ile baba alilipeleka swali msikitini. Wakabishana barazani baada ya sala, kila mmoja na jibu lake, na hakuna hata mmoja aliyejua Kiingereza. Kesho yake asubuhi muuza mafuta ya taa, mmoja wa wale waliobishana, alikuja dukani mbio, hata salamu hakumaliza.

"Mutoto, tuambie. Na Shetani je, wanamupatia?"

Nilimwambia hilo sikuliuliza.