Binti yangu aligoma kuongea darasani Lubumbashi, kumbe alikuwa anamsubiri mwalimu

Wakuu, habari za mchana. Wenye watoto wadogo sogeeni mbele, wengine kaeni hata pembeni mnisikilize.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Labda kidogo tu pale ninapomsema mume wangu, na yeye humu hayumo.

Sisi ni watu wa Mbeya. Mume wangu anauza spea za malori hapa Lubumbashi, na mwaka juzi alituita tuhamie kwake, mimi na binti yetu Atu. Atu alikuwa na miaka mitano.

Mimi nilikuja na amani kabisa. Nilijua Lubumbashi wanaongea Kiswahili, sasa shida itoke wapi?

Aisee.

Kiswahili chao ni Kiswahili kweli, ila kina mwendo wake. Mtu ni muntu, mtoto ni mutoto, na katikati wanachomeka Kifaransa bila kukuomba ruhusa. Darasani ndiyo Kifaransa kitupu, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Tukamwandikisha Atu chekechea, wenyewe wanaita maternelle. Shati jeupe, sketi ya bluu, nywele nimesuka mwenyewe. Siku ya kwanza nilimpeleka nikijiona mama wa maana mjini.

Wiki chache baadaye mwalimu wake, Madame Clarisse, akaniita. Dada mpole, anavaa kitenge kizuri, sina baya naye. Akaniambia, "Mama, mutoto yako iko muzuri, lakini mu darasa hasemi kintu."

Wakuu, nilicheka. Atu yupi huyo? Huyu aliyemhoji fundi bomba mpaka fundi akasahau alichofuata? Mtoto amerithi mdomo wangu wote, baba yake analalamika kila siku.

Lakini ilikuwa kweli. Uwanjani anacheza na wenzake vizuri tu. Akiingia darasani anakunja mikono, kimya. Akiulizwa, anaangalia chini. Hata haja ndogo haombi, ndiyo maana akifika nyumbani alikuwa ananipita mbio kwenda chooni na begi mgongoni.

Nikajua ni Kifaransa. Nani asingejua hivyo?

Nikanunua michoro ya matunda na wanyama, nikabandika ukutani. Katuni zote zikawa za Kifaransa, mpaka mimi nikaanza kuota kwa Kifaransa nisichokielewa. Na mtoto anashika! Nikipika ananihesabia nyanya, un, deux, trois, bila kukosea. Kesho yake shuleni, zero.

Hapo stress ikaanza.

Madame akasema kama hali haitabadilika mpaka Pasaka, watamshusha akakae na watoto wa miaka mitatu. Mume wangu kusikia hivyo akaja na plan yake. Kuliko mtoto ashushwe, bora arudi Mbeya kwa bibi yake asome kwa lugha anayoijua. Sisi tubaki huku na biashara.

Nilimwambia labda arudi yeye. Mtoto ni mmoja, nimemzaa kwa shida, halafu nimwone kwenye simu? Nililia siku hiyo, sitaki kuwadanganya. Lakini yeye akishasema, kumtoa hapo ni kazi. Akaanza kuulizia basi la kupita Zambia.

Sasa Jumapili moja baada ya kanisa nimekaa namsuka Atu. Mtoto akiwa katikati ya magoti yako anasema mambo yote, wamama wenzangu mnanielewa. Nikamwuliza taratibu, kwa nini huongei na Madame?

Akanijibu, "Madame amenikasirikia."

Mkono ukasimama kichwani kwake. Nikauliza, kakufanya nini? Kakupiga? Nikaona kesho kuna mtu atanitambua.

"Kila siku namwamkia shikamoo. Haitikii. Anasema tu bonjour."

Wakuu, ngoja niwaeleze wale ambao hamjalelewa hivi. Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa, anasubiri marahaba. Kabla haijatoka hafungui mdomo kuomba kitu wala kueleza shida. Hiyo nimemlea nayo tangu anajifunza kutembea, na najivunia.

Sasa hapa Lubumbashi hakuna anayeitikia marahaba. Ni jambo, ni bonjour, ni kupeana mkono, maisha yanaendelea. Mtoto wangu kila asubuhi anasimama mlangoni, anaamkia kwa adabu zote, hapewi jibu lake, anaingia ndani akijua mwalimu bado amenuna. Muda wote ule alikuwa anasubiri asamehewe kosa asilolijua.

Nilimkumbatia, nusu nacheka nusu machozi.

Jumatatu nikawahi shuleni. Nikamweleza Madame Clarisse. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema watoto wanaingia wengi kwa pamoja, yeye anawajibu wote bonjour, hakujua kuna mmoja anasubiri. Akaniomba nimfundishe hilo neno, akalirudia mara kadhaa.

Atu alipofika mlangoni akasema shikamoo yake, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa.

Madame akachuchumaa mpaka macho yakalingana. "Marahaba, Atu."

Mtoto akamwangalia. Akaniangalia mimi. Halafu akafungua mdomo.

"Madame, pipi, s'il vous plaît."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya mwanangu darasani. Kuomba choo! Kwa Kifaransa pipi ni haja ndogo, siyo peremende. Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani kama chizi.

Toka hapo bomba likafunguka. Darasa zima likataka kuamkia na kuitikiwa. Jirani yangu Mama Kapinga, familia ya Kasai wanaouza vitenge, akaja kuniuliza, "Mama Atu, mutoto yangu ananiambia shikamoo, nimujibu nini?" Na mimi nikamweleza Atu kwamba huku bonjour ya mkubwa ndiyo itikio lenyewe, hakuna aliyenuna.

Baba mtu? Bado! Eti tusubiri tuone, isije ikawa moto wa mabua. Likizo ya Pasaka ilipofika begi la Mbeya likashushwa kutoka juu ya kabati.

Nilikuwa napanga nguo zake, nimevimba kwa hasira, Atu akaingia akauliza tunaenda wapi. Baba yake akamwambia kwa bibi. Akauliza tunarudi lini. Mwanaume akaanza kukohoa.

Atu akashika kiuno. "Mimi siendi kukaa. Shule ikifungua mimi ndiyo chef, mkubwa wa mstari, Madame amesema. Nisipokuwepo, watoto watapangwa na nani?"

Mume wangu akachukua begi, akamwaga nguo zote kitandani, akalirudisha juu ya kabati. Mimi nilisema mengi.

Nilichojifunza: mtoto akinyamaza ugenini, usikimbilie kumjaza maneno mapya. Mkalishe, msuke, muulize anamwonaje huyo mwalimu. Na mwalimu naye mwambie nyumbani kwenu mtoto amezoea nini, hatajua kwa kuota.

Waliohamisha watoto Congo, Msumbiji au popote pale, wenu waligomea nini? Leteni visa nisome. Na ukianza na shikamoo, nakuitikia kabla sijakujibu.