Herufi Tatu za Vidole

Ofisini kwa mkuu wa mkoa walimwita Vidole, maana kwa miaka kumi na tisa alichapa hotuba za wakuu bila kutazama kibodi. Wakuu walikuja wakaondoka. Yeye na kiti chake chenye mguu uliofungwa kamba walibaki. Alipenda kujisifu kwamba kila ahadi ya mkoa ule ilipita kwanza mikononi mwake. Ukimuuliza ngapi zilitimia, alikukaribisha chai.

Siku ya mkutano wa wakulima wa alizeti alisimama nyuma ya ukumbi na nakala yake. Mkuu alikuwa ukurasa wa pili. Vidole akafunua wa nne, akasoma. "Kiwanda cha kukamua mafuta kitafungwa mwezi ujao." Kitafungwa! Alitakiwa kuchapa kitafunguliwa. Herufi tatu tu zilimponyoka, na haraka haraka haina baraka.

Safu ya tatu aliketi dada yake mkubwa, ambaye mavuno yake yote ya mwaka yalikuwa ndani ya magunia yakisubiri kiwanda hicho. Karibu na mlango walijipanga walanguzi wa mazao, simu mkononi.

Vidole alisahihisha neno kwa kalamu, akapenya hadi mbele. Mlinzi akamzuia.

"Mama, rudi ukakae."

"Kaka yangu, nakuomba, mpelekee karatasi hii. Kuna kosa."

"Mkuu akiongea hapelekewi karatasi."

"Ni neno moja tu!"

"Basi neno moja litasubiri."

Halikusubiri. Mkuu alilisoma kwa sauti nzito, tena akatua kungoja makofi. Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Mkuu akaurudia mstari kwa macho, akacheka. "Kitafunguliwa, jamani! Kuteleza si kuanguka." Nani alimsikiliza? Watu waliochoka kudanganywa waliona kwamba safari hii ukweli umemponyoka.

Mlangoni Vidole alimshika dada yake mkono.

"Dada, usiuze. Kosa ni langu, nimelichapa mimi."

"Mdogo wangu, wamekutuma uje unitulize?"

"Haki ya Mungu, ni mimi!"

Dada akautoa mkono wake taratibu, akamfuata mlanguzi. Bei ilianguka kabla ya saa kumi. Aliuza magunia yote kwa bei ya kutupa, na majirani wakauza, na wilaya nzima ikauza, malori ya walanguzi yakabeba alizeti yote nje ya mkoa.

Mwezi uliofuata kiwanda kilifunguliwa kweli, utepe ukakatwa. Mashine zilinguruma siku tisa, zikakosa cha kukamua. Lango likatiwa kufuli.

Jumapili dada alikuja kwa Vidole, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi.

"Umeona? Kimefungwa. Nawe ulitaka kujitwisha lawama za bure! Ulichapa sawasawa, mdogo wangu."

Vidole alifungua kinywa, akakifunga.